Pishi Moja kwa Siku: Safari ya Siku 49 kutoka Pasaka hadi Shavuoti

Torati haikutaja tarehe ya sikukuu ya Shavuoti. Imetaja pa kuanzia, kisha ikaamuru watu wahesabu: tangu siku ya kuleta mganda wa shayiri, Sabato saba kamili, na siku ya hamsini ni sikukuu. Kwa hiyo Wayahudi wanahesabu kila usiku kwa siku 49, wakifuata njia ya Waisraeli kutoka Ramesesi hadi mlima Sinai, na kila kituo cha njia hiyo kina kazi yake ya moyo na ya mikono.

Hesabu yenyewe inaitwa omeri. Omeri ni kipimo cha nafaka, sehemu ya kumi ya efa, lita mbili na kidogo. Biblia ya Kiswahili ya zamani iliandika "pishi", na haikwenda mbali: pishi ya pwani, vibaba vinne, ile inayopimiwa fitri, inakaribia sana. Kipimo hiki kitatokea mara tatu njiani, kwa hiyo msomaji akiweke mbele ya macho tangu sasa.

Jambo jingine Mswahili hahitaji kufundishwa: siku ya Kiyahudi inaanza jua likikuchwa. Usiku wa kuamkia Ijumaa ndio usiku wa Ijumaa. Na saa za mchana zinahesabiwa tangu jua kuchomoza, sehemu kumi na mbili, kama saa zetu.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Nisani

Nisani ni mwezi wa Pasaka katika kalenda ya Kiyahudi, na safari inaanza kwa kusafisha. Nyota zikishatoka, mwenye nyumba anawasha mshumaa mmoja wa utambi mmoja na kupita chumba kwa chumba akitafuta hametzi, yaani chochote cha ngano, shayiri, shayiri-nyeupe au jamaa zake, aina tano za nafaka kwa jumla, kilichoguswa na maji kikapata nafasi ya kuumuka. Mwenge hautumiki. Mwali mkubwa unamtia mtu hofu ya kuunguza vitu, akaacha kuingiza mkono uvunguni na kwenye pembe, na pembeni ndiko makombo yaliko. Unyoya unakusanya, kijiko cha mti kinapokea, na asubuhi vyote vinachomwa pamoja.

Wengi hutangulia kuficha vipande kumi vya mkate ili utafutaji usiwe wa bure. Hapo mambo huharibika kwa njia mbili. Kipande kisichofungwa kinadondosha makombo mahali palipokwisha safishwa. Na aliyeficha akisahau kipande cha kumi kilipo, nyumba nzima inarudi kwenye shaka. Kila kipande kifungwe kwa karatasi, na anayeficha aandike mahali alipoweka.

Baada ya kutafuta kunasemwa tamko la kubatilisha, linaloanza kwa Kiaramu "Kol hamira". Neno hilo ni ndugu wa hamira yetu ya maandazi. Usiku mtu anabatilisha ile tu ambayo hakuiona, kwa sababu bado anahitaji kifungua kinywa. Asubuhi, baada ya kuchoma, anabatilisha yote: aliyoiona na asiyoiona, aliyoiondoa na asiyoiondoa, iwe kama mavumbi ya nchi. Asiyejua Kiaramu aseme kwa lugha anayoielewa, maana hapa kinachofanya kazi ni nia, na asiyeelewa anachosema hana anachokibatilisha. Kula hametzi kunakoma mwisho wa saa nne ya mchana, na kuchoma kunamalizika kabla saa tano haijaisha. Hizi ni saa za jua. Nairobi jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo ongeza nusu saa, au fuata ratiba ya mji wako.

Matza, mkate usiochachuka wa Pasaka, na mkate wa kawaida vinatoka kwenye unga ule ule na maji yale yale. Tofauti ni dakika 18. Donge lililoachwa bila kuguswa dakika 18 limekuwa hametzi, na ndiyo maana kwenye tanuri za matza kuna mtu wa kutazama saa tangu maji yanapomiminwa, na meza zinafutwa upya kila mzunguko. Kwa Kihebrania "matza" na "amri", katika wingi, huandikwa kwa herufi zile zile, na walimu wa kale wakasoma: amri ikifika mkononi mwako, usiiache ikachachuka. Unga hauharibiki kwa kukandwa sana. Unaharibika kwa kuachwa mezani. Deni la kuomba radhi, mgonjwa wa kutazamwa, mshahara wa kibarua aliyemaliza kazi leo, vyote viko kwenye saa hiyo hiyo ya tanuri.

Tarehe 15

Usiku wa seder, mlo wa ibada wa Pasaka: vikombe vinne vya divai, kila kimoja kisipungue takriban mililita 86, matza, mboga chungu, na maswali ya watoto. Mengi yamekwisha semwa juu ya usiku huu, nasi tunapita.

Siku ya 1

Tukirudi enzi za Hekalu, sikukuu ya kwanza inamalizika na giza linaingia. Ng'ambo ya Yerusalemu kuna shamba la shayiri. Tangu jana mchana wajumbe wa baraza wamefunga mashuke mafungu mafungu yangali yamesimama ardhini, ili uvunaji uwe mwepesi. Watu wa miji ya karibu wamekusanyika. Mvunaji anapaza sauti: "Jua limekuchwa?" Wanaitika: "Ndiyo!" "Jua limekuchwa?" "Ndiyo!" Mara ya tatu, vivyo hivyo. "Mundu huu?" "Ndiyo!" mara tatu. "Kikapu hiki?" "Ndiyo!" mara tatu. "Nivune?" "Vuna!" "Nivune?" "Vuna!" "Nivune?" "Vuna!"

Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, inaeleza sababu ya kelele hizo zote: palikuwa na kundi lililopinga kwamba usiku huu ndio wa kuvuna, wakataka hesabu ianze baada ya Sabato ya kawaida. Kila mtu akaitwa awe shahidi kwamba safari imeanza leo.

Kisha kazi. Shayiri inapurwa, inachomwa juu ya moto kwenye chombo chenye matundu ili joto lifikie kila punje, inatandazwa uani upepo uipige, inasagwa chengachenga kwenye kinu cha kunde, na kupitishwa kwenye machekeche 13. Zinavunwa sea tatu, ambazo ni pishi kumi. Mwishoni inabaki pishi moja ya unga safi. Sehemu iliyosalia haitupwi. Inakombolewa kwa fedha na mtu yeyote anaweza kuila. Ile pishi moja inachanganywa na mafuta na ubani, kuhani anaitikisa huku na huku, juu na chini, na kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kula nafaka mpya ya mwaka.

Shayiri ilikuwa chakula cha mnyama. Taifa lililotoka utumwani jana linaleta chakula cha punda wake, kwa sababu ndicho kilichoiva. Hakuna aliyewaambia wasubiri ngano.

Leo shamba halipo na Hekalu halipo; imebaki hesabu. Mtu anasimama baada ya nyota kutoka, anasema baraka ya kuhesabu omeri, kisha: "Leo ni siku moja ya omeri." Nje ya Israeli usiku huu ni wa seder ya pili, na aliyechoka kwa divai asipohesabu kabla ya kukaa mezani, mara nyingi halikumbuki tena. Kiswahili kinafaa kabisa. Wako wanafikihi wasemao kwamba anayehesabu kwa Kihebrania bila kujua maana ya alichotamka hajahesabu.

Siku ya 2 hadi ya 5

Mapokeo ya Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi, yamezigawa wiki saba kwa tabia saba, na ndani ya kila wiki siku saba zinapita tabia zile zile: Hesed ni wema unaomiminika, Gevura ni nguvu ya kujizuia, Tiferet ni mizani kati ya hizo mbili, Netzah ni kudumu, Hod ni unyenyekevu unaoshukuru, Yesod ni kifungo cha mtu na mtu, Malkut ni kusimamia ulichopewa. Siku ya 2 ni Gevura ndani ya Hesed, yaani mpaka ndani ya utoaji. Halakha, yaani sheria ya Kiyahudi, ina kiwango kwa hilo. Sehemu ya kumi ya pato ndiyo desturi ya sadaka. Mwenye moyo mkubwa asipite sehemu ya tano, asije naye akawa wa kusaidiwa. Siku ya 2 inafaa kukaa na daftari la matumizi, maana wema usio na hesabu huishia kwa mtoaji kumnung'unikia mpokeaji.

Kuna kosa linalowapata wengi wiki hii. Jua limekuchwa, rafiki anauliza, "Leo siku ya ngapi?" Ukimjibu "ya nne", umekwisha hesabu, na baraka huwezi kuisoma tena. Jibu sahihi ni: "Jana ilikuwa ya tatu."

Siku ya 6: bahari

Tarehe 21 Nisani, siku ya saba tangu kutoka Ramesesi. Jeshi la Farao nyuma, maji mbele. Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi, inasimulia kwamba makabila yalisimama ufukweni, kila moja likingoja jingine, na Nahshoni mwana wa Aminadabu wa Yuda akaruka ndani. Musa alikuwa anasali kwa kirefu. Akaambiwa: wapendwa wangu wanazama, nawe unarefusha sala? Waambie wana wa Israeli waende.

Ni funzo zito kutoka kwa watu wanaosali mara tatu kwa siku. Sala ina wakati wake wa kufupishwa, na wakati huo ni pale mwingine amekwisha ingia majini.

Siku ya 7 hadi ya 9: Mara

Usiku wa 7 maneno ya hesabu yanaongezeka: "Leo ni siku saba, ambazo ni wiki moja ya omeri." Kuanzia hapa siku na wiki zote hutajwa, kwa sababu Torati imeamuru vyote viwili. Usiku wa 17 mtu atasema siku kumi na saba, ambazo ni wiki mbili na siku tatu.

Kambi imetembea siku tatu jangwani bila maji. Walimu waliyasoma maji hayo kama Torati yenyewe: siku tatu bila neno, watu wakachoka. Kwa hiyo ikawekwa kanuni inayofuatwa hadi leo, kwamba gombo linasomwa hadharani Sabato, Jumatatu na Alhamisi, ili siku tatu zisipite kavu. Katikati ya wiki wanaitwa watu watatu na hazisomwi aya pungufu ya kumi. Msomaji wa Kiswahili ajihadhari na majina ya siku: Kihebrania kinahesabu kuanzia Jumapili, kwa hiyo "siku ya pili" yao ni Jumatatu yetu. Alhamisi ndiyo inayokubaliana, maana jina lenyewe kwa Kiarabu ni "ya tano", na ya tano ndivyo Wayahudi wanavyoiita.

Kanuni hii inafaa kwa mtu mmoja pia, hata asiye na kundi la watu kumi. Chagua siku tatu za wiki, aya kumi kila siku, saa ile ile. Anayepanga sura nzima kila siku kwa kawaida huishia wiki ya pili. Anayesoma aya kumi Jumatatu na Alhamisi anafika mbali, kwa sababu akianguka hapitishi siku tatu kabla ya kuinuka.

Walipofika kituo kiitwacho Mara walikuta maji, nayo machungu. Maandiko yanasema hawakuweza kuyanywa "kwa kuwa ni machungu", na mafundisho ya Kihasidi yanauliza: nani machungu? Kwa Kihebrania sentensi inaruhusu kuwa ni watu. Musa akaoneshwa mti, akautupa majini, yakawa matamu. Walimu walitofautiana ni mti gani, ila baadhi yao walitaja mti mchungu, wakasema Mungu huponya uchungu kwa uchungu. Aliyekunywa maji ya mwarobaini hahitaji kuelezwa.

Siku ya 10 hadi ya 28

Elimu, chemchemi 12 na mitende 70. Ndivyo jina la kituo lilivyoandikwa kwenye Biblia ya Kiswahili, na kwa waliotoka kutafuta maji yaliyofananishwa na Torati, hatuoni kituo chenye jina zuri kuliko hilo. Kambi inapumzika, nasi twende haraka.

Tangu Pasaka hadi Shavuoti kuna Sabato sita, na Pirke Avoti, mafundisho ya mababa katika Mishna, ina sura sita, kwa hiyo kila Sabato alasiri inasomwa moja. Katika wiki ya Gevura jambo la kushika ni ulimi: lashon hara ni kumsema mtu vibaya hata kama unachosema ni kweli. Uongo una jina lake jingine na ni mbaya zaidi. Anayetaka kuanza asichukue siku nzima. Achague saa moja, kwa mfano saa ya chakula cha jioni, na kwa saa hiyo asimjadili mtu asiyekuwepo.

Katika kipindi hiki hesabu huanza kukatika. Furaha ya Pasaka imekwisha, na kaskazini usiku unachelewa: London katikati ya Mei nyota zinatoka karibu saa nne usiku, mtu amekwisha lala. Walio karibu na ikweta wana nafuu. Nairobi, au kwa Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, giza haliruki ruki kutoka mwezi hadi mwezi, na hesabu inaweza kufungwa kwenye sala ya jioni mwaka mzima bila kusogezwa.

Sheria ya aliyesahau ni hii. Akikumbuka mchana unaofuata, anahesabu bila baraka, na usiku anaendelea na baraka kama kawaida. Akipitisha usiku na mchana wote, anaendelea kuhesabu hadi mwisho, lakini bila baraka, kwa sababu imeandikwa wiki "kamili" na yake ina tundu. Akiwa na shaka tu kama alihesabu au la, anaendelea na baraka. Wengi wakikosa siku ya 19 wanaacha kabisa, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko kusahau kwenyewe. Siku ya 20 ni siku yake yenyewe. Haikukosa kitu.

Siku ya 29: Pasaka ya pili

Tarehe 14 Iyari, mwezi unaofuata Nisani. Mwaka mmoja baada ya kutoka Misri, watu kadhaa walikuwa najisi kwa kugusa maiti na Pasaka ikawapita. Hawakukaa kimya. Walimwendea Musa wakasema: kwa nini sisi tuzuiliwe? Musa hakuwa na jibu, akawaambia wangoje asikie. Jibu likawa siku mpya katika kalenda, mwezi mmoja baadaye, kwa aliyekuwa najisi au safarini. Ni sehemu chache sana Torati inapoongeza sikukuu kwa sababu watu waliuliza.

Leo wengi hula kipande cha matza siku hii. Inafaa kutaja kwamba waliouliza hawakudai sheria ivunjwe. Walikubali kwamba ni najisi, wakaukataa mlango kufungwa. Aliyekosa siku ya 19 amefika siku yake.

Siku ya 30 na 31: mana

Tarehe 15 Iyari, mwezi mmoja kamili. Donge walilobeba kutoka Misri, lililowatosha milo 61 kwa hesabu ya Rashi, mfafanuzi mashuhuri wa maandiko, limekwisha. Kambi imefika jangwa la Sini na watu wanakumbuka masufuria ya nyama.

Asubuhi kuna umande, na umande ukipanda kuna kitu chembamba juu ya ardhi. Amri: kila mtu omeri moja, kichwa pishi. Walitoka, wengine wakazoa nyingi na wengine kidogo, na walipopima, aliyezoa nyingi hakuzidi na aliyezoa kidogo hakupungukiwa. Waliobakiza hadi asubuhi walikuta mabuu na harufu. Siku ya sita zikashuka pishi mbili kwa kila mtu, na ile ya Sabato haikuoza.

Wanafunzi wa Rabi Shimon bar Yohai walimuuliza kwa nini mana haikushuka mara moja kwa mwaka, watu wakaweka ghalani. Akawapa mfano wa mfalme aliyempa mwanawe posho ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mtoto akawa anamwona baba yake mara moja kwa mwaka. Mfalme akabadili, akampa ya kila siku, na mtoto akaja kila siku.

Hii ndiyo siku tunayoipenda kuliko zote za safari, kwa hiyo tukae nayo. Mana haikukataza kazi. Walitoka alfajiri, waliinama, walizoa, walisaga kwa mawe ya kusagia au walitwanga kwenye vinu, walipika vyunguni. Kilichokatazwa ni kuzoa ya kesho kwa hofu ya kesho. Walimu wawili wa kale walitofautiana hapa. Shamai, akimpata mnyama mzuri sokoni siku yoyote, alikuwa akimweka kwa ajili ya Sabato. Akipata mzuri zaidi, anamweka huyo na kumla wa kwanza. Hileli alikuwa akisema: "Na ahimidiwe Bwana siku kwa siku," akala kilichokuwepo, akaamini cha Sabato kitapatikana. Talmudi haikumlaumu yeyote kati yao. Ila anayelala na madeni, ada na kodi ya miezi mitatu kichwani anajua ni fundisho gani linalomruhusu kupata usingizi.

Jaribio la vitendo kwa usiku huu: andika kazi za kesho, kisha zipime kwa pishi. Chagua zinazoenea siku moja ya mtu mmoja, zilizobaki zipe tarehe yake na uzifunike. Na ijapo Sabato, weka mikate miwili mezani kwa kumbukumbu ya pishi mbili za siku ya sita, kitambaa chini na kitambaa juu, kama mana ilivyolala kati ya umande na umande. Anayeoka mwenyewe akumbuke kutenga hala, kipande cha donge kinachochomwa: unga ukifika takriban kilo 1.2 kinatengwa bila baraka, ukifika kilo 1.67 kwa baraka. Wanaokanda nusu kilo kila wiki hawawajibiki. Wanaounga madonge mawili kwenye chombo kimoja mara nyingi husahau kwamba sasa wanawajibika.

Siku ya 33: Lag ba-Omeri

Wiki ya Hod, siku ya Hod. Tangu Pasaka hakukuwa na harusi, muziki wala kunyoa nywele, kwa maombolezo ya wanafunzi wa Rabi Akiva, mwalimu mkuu wa kale. Talmudi inataja jozi elfu kumi na mbili, waliokufa wote kati ya Pasaka na Shavuoti kwa sababu hawakupeana heshima. Idadi imetajwa kwa jozi, na hilo linauma: kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kusoma naye, na hata hivyo. Leo vifo vilikoma; mioto inawashwa, hasa Meroni, kwenye kaburi la Rabi Shimon bar Yohai.

Akiva, mzee, ulimwengu wake umekuwa mtupu, alikwenda kusini akaanza upya na wanafunzi watano. Mmoja wao, Elazari ben Shamua, ndiye aliyefundisha kwamba heshima ya mwanafunzi wako iwe ya thamani kwako kama yako mwenyewe, na heshima ya mwenzako kama uchaji wako kwa mwalimu wako. Maneno hayo yanasomeka tofauti ukijua alikaa mahali pa nani.

Zoezi lake ni dogo na gumu: ukisema neno ulilolisikia kwa mtu, taja jina lake. Kikaoni, kwenye hotuba, nyumbani mbele ya watoto. "Hili ni wazo la fulani." Jaribu kwa siku moja uhesabu ni mara ngapi ulimi ulitaka kumruka.

Siku ya 34 hadi ya 44: Refidimu

Dofka, Alushi, kisha Refidimu. Kiu tena, kisha Amaleki, taifa adui, anayeshambulia nyuma ya msafara, kwa waliochoka. Musa juu ya kilima mikono imeinuliwa, Haruni na Huri wakiishika, na chini yake jiwe. Talmudi inauliza kwa nini jiwe. Je, hapakuwa na mto wa kukalia? Musa alisema: Israeli wako katika taabu, nami nikae nao katika taabu. Mwenye kwenda kumfariji mfiwa na akae chini alipokaa mfiwa. Ndivyo inavyofanyika katika siku saba za shiva, matanga ya Kiyahudi, na mgeni hafungui mazungumzo mpaka mfiwa aanze.

Siku ya 45: Sinai

Tarehe 1 Sivani, mwezi unaofuata Iyari. Hadi hapa maandiko yanasema "walisafiri", "walipiga kambi", kwa wingi. Mbele ya mlima kitenzi kinageuka umoja: "akapiga kambi hapo Israeli". Rashi anaandika: kama mtu mmoja mwenye moyo mmoja, na vituo vingine vyote vilikuwa vya manung'uniko na ugomvi. Kitenzi kimoja, baada ya siku 45 za kutembea.

Siku ya 47 na 48

Siku za mipaka. Mlima umezungushiwa mpaka, watu wanafua nguo. Nyumbani zinatafutwa kofia za watoto, majani mabichi ya kupamba sinagogi, jibini na maziwa ya vyakula vya sikukuu. Anayekusudia kukesha usiku wa Shavuoti akisoma, kwa sababu midrashi, masimulizi ya marabi, inasema Israeli walipitiwa na usingizi asubuhi ya kupewa Torati pale Sinai, alale mchana wa siku ya 49. Wanaotegemea kahawa peke yake huonekana saa tisa usiku wakisinzia juu ya kitabu.

Siku ya 49

Kwenye Hekalu leo kuna kazi ya kuoka. Sea tatu za ngano mpya, machekeche 12, zinatoa pishi mbili za unga. Pishi moja kwa kila mkate, kila mmoja ukikandwa peke yake na kuokwa peke yake, urefu viganja saba na upana viganja vinne, pembe za vidole vinne. Na humo inatiwa chachu. Kile kilichotafutwa kwa mshumaa na kuchomwa wiki saba zilizopita sasa kinakandwa kwa amri. Kuoka kunafanyika leo, kabla ya sikukuu, kwa sababu kazi hii hairuhusiwi siku ya sikukuu. Mikate italala hadi kesho ndipo itikiswe mbele ya Bwana.

Nyumbani meza imeandaliwa mapema. Sabato na sikukuu nyingine mtu anaweza kuzipokea jua likingali juu, lakini Shavuoti hapana: wiki zimeamriwa ziwe kamili, na anayetangulia kwa dakika ishirini amepunguza siku ya 49. Divai imemiminwa, watoto wana njaa, mtu mmoja amesimama mlangoni anatazama angani. Nyota moja. Mbili. Bado.